Kampuni ya Kufugisha Mitambo

Mwaka ule wa tisini na saba redio haikuwa na neno jingine ila wawekezaji. Wawekezaji wanakuja, wawekezaji wamefika, wawekezaji wamelala Mbeya na kesho watatembelea mashamba. Tukuyu ililishika neno kabla ya kumwona mwekezaji hata mmoja wa dawa, na kila mtu akawa na maana yake. Wapo waliosema ni Mzungu wa aina mpya. Wapo waliosema ni mtu yeyote mwenye mkoba na asiye na haraka.

Felista alikuwepo siku neno hilo lilipopewa maana rasmi. Alikuwa amejikinga mvua dukani kwa Bushiri, mtaa wa Bagamoyo, pamoja na watu wengine wanane waliojikinga mvua, maana Tukuyu mvua ndiyo inayoitisha mikutano. Mzee Isakwisa wa kijiji cha Masoko alikuwa amekalia gunia la chumvi kama amekalia kiti cha hakimu.

"Mwekezaji," alisema, "ni mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko mikono yake. Anamchukua mmoja, anakwenda kumfugisha kwa mwenzake. Sasa hilo nalo tufundishwe na redio, mwe?"

Huyu mzee alikuwa msimamizi katika kiwanda cha chai kwa miaka thelathini, na kiwanda kilipopata mwenyewe mpya alirudishwa nyumbani na kiinua mgongo, yeye na wenzake watano. Sita hao walikuwa na fedha ambazo hawakuwahi kuziona zikiwa pamoja, na hofu kubwa ya kuziona zikitawanyika. Bushiri, mwenye duka, aliuza vipuri vya baiskeli na redio, na alikuwa mtu ambaye akiona waya tu mikono inamwasha. Hofu ya wale sita ikakutana na mikono ya huyu mmoja. Mvua ilipokatika, kampuni ilikuwa imezaliwa.

Ingefugisha mitambo. Kijana yeyote wa wilaya ya Rungwe mwenye akili ya mashine na asiye na mashine angekuja kueleza wazo lake, na akikubaliwa angenunuliwa mtambo. Si mkopo. Mzee Isakwisa aliuchukia mkopo kuliko nyoka. Sheria ingekuwa ileile ya ng'ombe, ambayo watoto wa Masoko huijua kabla ya kuota meno ya pili. Maziwa ni ya mfugaji, anywe yeye na watoto wake. Ndama wa kwanza ni wa mwenye ng'ombe, wa pili wa mfugaji. Ng'ombe akifa, mfugaji hadaiwi wala haulizwi maneno mengi. Alete ngozi ionekane, alete na nyama, watu wale, walie kidogo, yaishe. Na mfugaji aliyeleta ngozi ni mwaminifu, kwa hiyo hupewa ng'ombe mwingine.

"Na ndama wa mashine ni nini?" aliuliza mtu mmoja, ambaye hakuwa hata mjumbe.

"Ni mashine ya pili iliyonunuliwa kwa mapato ya kwanza," alijibu Bushiri haraka, na watu wakamtazama kwa heshima.

Mzee Isakwisa akawa mwenyekiti. Ilibaki kupata katibu, na macho yote yakamgeukia Felista. Alikuwa amepiga chapa katika ofisi ya wilaya miaka kumi na saba, mpaka ulipokuja ule waraka wa kupunguza wafanyakazi, nao, kwa adabu kubwa, akapewa aupige chapa yeye mwenyewe, jina lake likiwa la nne kutoka juu. Aliondoka na taipureta aliyoinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu. Mumewe alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Alikuwa na binti mmoja, Gloria, aliyekuwa sekondari. Walimwambia atalipwa mitambo ikianza kuzaa, akakubali, kwa kuwa mtu aliyezoea kwenda kazini akikaa nyumbani huanza kupanga upya masufuria.

Jina rasmi likawa Kampuni ya Kufugisha Mitambo Rungwe. Felista alizipeleka fomu mwenyewe ofisini, na afisa aliyezipokea alisoma jina hadi neno la tatu akachoka. Penye aina ya biashara akaandika "Mifugo". Kuanzia hapo kila mwaka bwana mifugo alifika na daftari kuuliza lini wanyama watapelekwa kuogeshwa. Felista alimpa chai na kumwambia hawajambo.

Wa kwanza kupewa mtambo alikuwa Muddy, mpwa wa Bushiri, kijana mwenye ulimi mwepesi na viatu vya bei kuliko kazi yake. Kombe la Dunia la mwaka tisini na nane lilikuwa mlangoni. Muddy alitaka ungo wa kunasia televisheni kutoka angani. Akanunuliwa ungo, nao ulikuwa mkubwa hata ukipita barabarani magari yanasubiri. Ukawekwa juu ya kibanda chake cha video, ukatazama juu, na hapo ndipo ilipogundulika kwamba chombo kilichotazama juu Tukuyu kina kazi moja tu. Kilijaa maji. Muddy aliyachota jioni, asubuhi kimejaa. Akina mama wa jirani wakaacha kwenda bombani. Siku ya fainali watu mia na ishirini walilipa kiingilio wakatazama chenga nyeupe dakika tisini, na mzee mmoja wa Masoko akatoka akisema mpira wa Ulaya ni mzuri ila kuna theluji sana. Wiki iliyofuata paa likashindwa kubeba maji. Ungo ukashuka nalo.

Muddy alileta ngozi. Yaani alileta kipande cha ungo kwenye mkokoteni mpaka nyuma ya duka la Bushiri palipokuwa na ofisi, na nyuma yake akaja Hajira, mke wa Bushiri, na sufuria la pilau. Wajumbe walikigusa kile kipande, wakatikisa vichwa. Wakala. Mzee Isakwisa alisimama akasema maneno machache ya kumuaga marehemu, kwamba alikuwa mtambo mkubwa na alijitahidi. Kisha, kwa mujibu wa sheria, Muddy akapewa mwingine, deki ya video.

Wa pili alikuwa Amoni na mashine yake ya kutoa nakala. Hiyo ingeenda vizuri popote duniani penye jua. Karatasi za Tukuyu hunyonya unyevu zikawa laini kama kitambaa, zikiingia kwenye mashine zinakataa kutoka. Amoni akabuni kuzianika juu ya jiko la mkaa kabla ya kuzitia. Siku moja akazitia zikiwa zimeshika moto upande mmoja bila yeye kujua, na vyeti vya darasa la saba vya watu wanne vikaenda pamoja na mashine. Amoni alileta ngozi, nyeusi tii, na mbuzi. Mbuzi alichinjwa na Bushiri ili watu wa dini zote wale kwa raha. "Alikuwa mtambo mpole," alisema Mzee Isakwisa. "Hakuwa na neno na mtu."

Wa tatu alikuwa Ackson, aliyeweka mizani ya umeme sokoni ili ndizi ziuzwe kwa kilo. Jambo la haki kabisa, ndiyo maana halikupendwa. Mkungu wa ndizi Rungwe haupimwi. Unatazamwa, unapigwapigwa, unasifiwa na muuzaji na kutukanwa na mnunuzi, na hapo katikati ndipo bei ilipo. Akina mama waliitumia mizani ya Ackson kupimia watoto wao, bure, wakicheka, mpaka mtoto mmoja wa miezi tisa akaikojolea. Ilikufa hapohapo ikionyesha kilo mia nane. Ackson alileta ngozi na jogoo wawili.

Ikafika mahali mjumbe akikutana na mfugaji barabarani anamwuliza, "Mtambo haujambo?" kwa sauti ya mtu mwenye njaa.

Hakuna mtambo uliozaa. Ungezaaje, nayo mitambo haimalizi mwaka? Deki ya Muddy ilikufa ikiwa na miezi minane. Akapewa mashine ya michezo ya televisheni, radi ikaitembelea mwezi wa tatu, na kila alipoleta ngozi pilau la Hajira lilikuwa bora kuliko la awali. Kiinua mgongo cha wazee sita kilikuwa kinaliwa na wazee sita wenyewe, kwa kijiko, wakishukuru.

Felista aliyaona yote hayo, maana ndiye aliyeyapiga chapa. Lakini tusimfanye malaika. Pilau naye alilila. Kilichomuuma kilikuwa kingine.

Mwaka wa tisini na tisa alikwenda Mbeya, akakaa kwa dada yake wiki tatu, akajifunza kompyuta kwa fedha za mahindi yake. Siku ya kwanza mwalimu alimwambia aandike barua. Akaandika, akakosea neno moja, akashika kichwa, kwa kuwa miaka kumi na saba kosa moja lilikuwa na maana ya kuanza ukurasa upya na kusemwa na bosi. Mwalimu, kibinti kidogo umri wa Gloria, akanyoosha kidole akagusa kitufe, kosa likaondoka. Halikuacha hata kovu. Felista alilia pale pale, mbele ya wanafunzi wote, na hakuona aibu. Aliwaza kurasa zote alizozichana maishani mwake.

Tangu siku hiyo alitaka kitu kimoja tu. Alitaka kompyuta hiyo iwe Tukuyu, mezani pake, chini ya mikono yake. Hakuhitaji kutafuta wateja. Walimu walikuwa wakisafiri hadi Mbeya kuchapisha mitihani. Maharusi walikwenda Mbeya kwa ajili ya kadi. Vijana wa kuomba kazi walikwenda Mbeya na barua zikarudi zimeandikwa jina la wilaya vibaya. Wote hao walikuwa wakipita mbele ya dirisha lake, na aliwajua mpaka na viatu vyao.

Aliomba mara ya kwanza. Mzee Isakwisa alimsikiliza hadi mwisho, kwa upole, kisha akasema, "Mwanangu, ng'ombe hafugishwi kwa mjane. Si dharau. Ng'ombe akifa kwa mjane, nani atasimama mbele ya watu kuleta ngozi?"

Aliomba mara ya pili mwaka uliofuata, na maelezo kwenye kurasa nne. Jibu lilikuwa lilelile, ila fupi zaidi, maana wajumbe walikuwa wamesikia harufu ya mbuzi wa Amoni nje. Usiku ule hakuisikia hasira. Aliisikia asubuhi, alipojikuta akiwanunulia sukari ya chai ya mkutano kwa fedha yake.

Mwaka elfu mbili na moja ulipofika, mfuko wa kampuni ulikuwa umebaki na uwezo wa mtambo mmoja, wa mwisho. Na Muddy akaja na wazo.

Wazo lilikuwa simu ya mkononi. Watu waliotoka Mbeya nazo walikuwa wamegundua kwamba ukipanda kilima fulani, ukasimama kwenye jiwe fulani, ukainua mkono, unapata mawasiliano. Muddy alitaka simu mbili, mwanzi mrefu wa kuinulia, na kibanda juu ya kilima. "Mteja anapanda, anaongea, anashuka," alisema. "Fasta tu." Bushiri mikono ilikwisha kumwasha. Wajumbe wakauliza kilima kina urefu gani, wakaambiwa, wakakadiria moyoni mwanzi ule utadumu miezi mingapi na Hajira ana mchele wa aina gani siku hizi. Uamuzi ungepigiwa kura Jumamosi.

Felista alijua kura itakwendaje. Muddy akipewa, hakuna tena ng'ombe wa kuomba, kwa mjane wala kwa mwenye mke. Kungebaki mwanzi.

Alhamisi alikaa kuandaa ajenda. Ili aweke tarehe sawasawa akafungua jalada la kumbukumbu tangu mwanzo, akaanza kusoma kurasa zake mwenyewe, kitu ambacho mpiga chapa hafanyi kamwe. "Wajumbe saba walihudhuria. Chai ililetwa." Kila mkutano, miaka minne, chai ililetwa, kana kwamba ilikuja kwa miguu yake. Akarudi nyuma hadi mkutano wa kwanza kabisa. Hapo akakuta maneno ya mwenyekiti, aliyoyapiga chapa neno kwa neno siku ile kwa kuwa alikuwa bado na bidii ya ugeni. Akayasoma. Akavua miwani, akaifuta, akayasoma tena.

Kisha alifunga ofisi mchana kweupe na kwenda kumtafuta Hajira.

"Unataka pilau la nani, mama Gloria?" Hajira aliuliza. "Nani kafa?"

Felista alimweleza. Hajira alisikiliza akiwa ameshika mwiko juujuu, na Felista alipomaliza akakaa kwenye mkeka akacheka hadi akatoa machozi. Akasema miaka minne anawapikia wafu wa Muddy, na leo ndiyo mara ya kwanza anaona maiti yenye maana. Mchele angeutoa yeye. Nyama pia.

Jumamosi wajumbe saba walikaa kwenye mabenchi yao nyuma ya duka. Muddy alikuwa amekuja na mwanzi, urefu wa nyumba na nusu, ameuegemeza nje. Amoni na Ackson nao walikuwepo, mlangoni, kwa kuwa mkutano wa mtambo mpya mara nyingine ulikuwa na soda. Mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yake.

Felista aliingia wa mwisho. Kichwani alikuwa na sanduku la bati, kwapani kibao cha kampuni, kile cha mlangoni, alichokibandua asubuhi kwa bisibisi. Nyuma yake Hajira na sufuria kubwa kuliko yote lililowahi kuonekana mtaa ule. Alitua sanduku mezani, akalifungua, akatoa kimoja kimoja: jalada, mhuri, kidau cha wino, daftari la mahudhurio, kibao. Akavipanga.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. "Nimeleta ngozi."

"Marahaba," walijibu kwa pamoja, kwa mazoea.

"Ngozi ya nani?" Mzee Isakwisa aliuliza.

"Ya kampuni, tata," alijibu, akimwita baba kwa Kinyakyusa. "Imekufa."

Bushiri alisimama. "Dada Felista, kampuni ipo hai! Ina fedha ya mtambo mzima!"

"Ng'ombe aliyebaki paja moja, Bushiri, yuko hai?"

Bushiri akafikiri, akakaa.

"Ngoja kwanza," alisema Mzee Isakwisa. Hakuwa amekasirika, alikuwa anakunja uso kama mtu anayetafuta sarafu gizani. "Ngozi huletwa na mfugaji. Wewe hukufugishiwa kitu. Nani alikukabidhi?"

Felista alivaa miwani, akafungua jalada ukurasa wa kwanza, akasoma kwa sauti ile ya ofisi ya wilaya, ambayo haipandi wala haishuki. "'Mwenyekiti alisema: kampuni hii ni ng'ombe wetu sote, lakini mwenye kushinda naye ni katibu. Tunamkabidhi yeye amtunze.' Umetia sahihi hapa, tata. Na mhuri."

Jalada lilizunguka mkono kwa mkono. Kila mjumbe alilitazama lile neno "tunamkabidhi", hata wawili wasiojua kusoma walilitazama, na mmoja wao ndiye aliyetikisa kichwa kwa uchungu zaidi.

"Ulikunywa maziwa?" Mzee Isakwisa aliuliza hatimaye. Lilikuwa swali la kisheria.

"Hata ya chai sikupata. Sukari nilinunua mwenyewe."

Kule mlangoni Ackson alicheka, akanyamaza alipoona hakuna mwingine anayecheka.

"Lakini mama Gloria," Muddy alidakia, "kama ni zamu, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuomba hii ya mwisho. Na mwanzi nimeshakata."

"Mwanangu Muddy, wewe umeleta ngozi mara tatu, umepewa mara tatu. Ya nne bado hujapewa, kwa hiyo hujafiwa. Mimi nimefiwa leo." Akawageukia wazee. "Sheria ni yenu, siyo yangu. Ngozi mnaiona. Nyama ile pale, imefunikwa. Mfugaji aliyeleta ngozi haulizwi maneno mengi, na hupewa mwingine. Mimi nataka kompyuta."

Wajumbe walimtazama Mzee Isakwisa, na kwa pembe ya jicho wakatazama sufuria.

"Mwanangu," alisema taratibu, "nilikwisha sema mara mbili. Kwa mjane ng'ombe hafugishwi."

Hapo Felista alisahau sauti ya ofisi. "Miaka minne mmefugisha kwa mjane, tata! Kampuni nzima! Mlimkabidhi nyinyi wenyewe, mkalala usingizi. Uliniuliza nani atasimama mbele ya watu kuleta ngozi. Nani huyu amesimama?"

Mvua ilisikika juu ya bati. Felista alikaa. Alifikiri, sasa nimeharibu, sasa wataniambia nimekosa adabu na simu itapanda kilimani.

"Tule kwanza," alisema Mzee Isakwisa. "Hakuna kesi mbele ya nyama."

Walikula. Walikula bila neno, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika msiba wowote wa kampuni ile. Kwenye ungo walicheka, kwenye mizani walicheka hadi wakapaliwa, lakini leo kila mtu alikula akitazama mhuri na kibao pale mezani, na pengine kwa mara ya kwanza wakaona kwamba kilichokuwa kikiliwa miaka yote hii ni wao. Mjumbe mmoja, aliyekuwa fundi bomba kiwandani, aliweka kijiko chini akasema hajisikii vizuri. Alikuwa kwenye sahani ya tatu, lakini haikuwa shibe tu.

Mzee Isakwisa alinawa mikono, akasimama. Desturi ilimtaka amsifu marehemu.

"Huyu sina la kumsemea," alisema. "Tulimwua wenyewe." Akajifuta mikono kwenye koti. "Sheria ni sheria, hata ikikushika mguu. Felista apewe kompyuta. Muddy aende kuichukua Mbeya, kwa kuwa anajua maduka, lakini asiifungue, asiichomeke, asiitazame. Ndama wa kwanza wetu, wa pili wake. Mwenye neno?"

Hakukuwa na mwenye neno. Muddy alitoka nje, akauangalia mwanzi wake, akamwuliza Hajira kama anahitaji nguzo ndefu ya kamba ya kuanikia nguo.

Watu walitawanyika mmoja mmoja. Hajira alibeba sufuria, akampita Felista akamfinya bega. Felista alibaki akirudisha vitu kwenye sanduku, akili ikiwa imekwisha fika Mbeya, imekwisha panga meza, imekwisha amua dirisha litakuwa upande gani. Alikuwa na furaha ya kumwogopesha. Aliona aibu kidogo pia, kwa kumpigia kelele mzee wa watu.

Mzee Isakwisa hakuwa ameondoka. Alisimama mlangoni na mwavuli wake, akiitazama mvua kama inayomdai jibu.

"Nisamehe, tata," Felista alisema. "Nilipandisha sauti."

"Nilisikia. Sikuziba masikio." Akarudi kuitazama mvua. "Nina binti kule Masoko. Atupele. Mumewe alifariki mwaka juzi, akaniachia wajukuu watatu."

"Pole sana, tata. Sikujua."

"Hukujua, sikusema. Ameniomba ng'ombe mara tatu. Zizi analo, majani anayo. Nikamjibu kama nilivyokujibu wewe." Alifungua mwavuli, akaufunga tena, ingawa alikuwa bado ndani. "Ya tatu hakuniomba kwa mdomo. Alimtuma mtoto."

Felista aliweka jalada chini. Kwa mara ya kwanza hakukuwa na mtu wa kumtaka aandike.

"Sasa nakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ni mfugaji," alisema mzee. Hakumtazama. "Ninao wawili wa kutoa. Mmoja dume, bado mdogo, ana nguvu. Mwingine jike, ana mimba ya miezi sita. Watu wangu nyumbani watasema nimezeeka vibaya. Nimpe yupi?"

Nje gari la Masoko lilikuwa linapiga honi, konda akiita wa mwisho wa mwisho.

"Mpe mwenye mimba, tata," alisema Felista. "Na ukampe leo."